Kwako Baba, Kuhusu Daftari Ulilotaka Lichomwe

Ni mwaka mmoja sasa, Baba yetu Arnold Hebblethwaite, tangu saa za dukani kwako hapa Stromness zikose mtu wa kuzitia ufunguo. Mama anaitia ile ya jikoni tu, nayo inachelewa.

Ulikuwa mpole, mchache wa maneno, na chai uliinywa ya moto mpaka tukakuonea huruma. Kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe, ulikwenda kwa akina Rendall na mkate wa shayiri. Tulinung'unika, maana hawakuwa ndugu zako. Wakati wa vita ulirusha ndege ya jeshi la maji, na kijana wao, Wilfred, alikuwa mpiga bunduki wako. Mlianguka baharini, ukaokolewa wewe peke yako.

Barua uliyomwandikia mama yake sote tuliijua. Ilitundikwa ukutani kwao: "Alikufa papo hapo. Hakuteseka."

Ulituachia agizo moja: daftari lako la vita lichomwe, na Jessie-Ann, dada yake Wilfred, asilione. Mwanao Colin alilisoma kwanza. Utusamehe. Humo uliandika: "Wilf aliniita dakika kumi na moja. Nilikuwa kwenye mashua ya mpira. Sikuingia majini."

Miezi kumi Shangazi Jessie-Ann alikuwa akiliulizia, nasi tukimdanganya kwamba bado tunalitafuta. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe na fimbo yake.

"Nyie watoto, mnanificha nini? Zile dakika kumi na moja?"

Tulimvutia kiti.

"Baba yenu alitwambia mwenyewe, jikoni kwetu, vita vilipokwisha. Mama akamtazama weee, mwisho akamwambia, 'Chai yako inapoa. Na Jumapili uje.' Ile barua aliiacha ukutani kwa ajili ya wageni."

Tuliumia, Baba. Wao uliwaambia, sisi ukatuficha miaka arobaini. Tulidhani tunamlinda yeye, kumbe sisi ndio tuliokuwa hatukujui. Kinyongo kimekwisha, au kimebaki kidogo.

Daftari hatukulichoma. Liko kwake. Jumapili tunakwenda sisi, na mkate.

Unakumbukwa na mkeo Thora, wanao Maisie na Colin, wajukuu zako wanne, na Jessie-Ann Rendall, aliyetugombeza tulipotaka kumweka kwenye marafiki: "Niandikeni hapo kwenye ndugu."

Daima tutakukumbuka, Baba, na dakika zile kumi na moja pia.