Milango Isiyotazamana

Jumanne, 9 Mei

Profesa Valadares kazima taa, kaweka picha ukutani — na pale kwenye kamba ya nguo, aproni ya bibi yangu! Ile ya bluu yenye kiraka.

Kazi ya mwisho ya mwaka wa nne: kukarabati "kisiwa" kimoja mtaa wa Bonfim. Darasa zima likaandika anwani. Mimi sikuandika. Naandikaje anwani ya kwetu?

Wenzangu wamekulia kwenye nyumba zenye lifti. Kwao kisiwa ni kitu cha kusomea: uchochoro nyuma ya nyumba ya tajiri, milango kumi na miwili, sita inatazama sita, vyoo viwili kule mwisho, karo moja la kufulia kwa wote. Mimi nimezaliwa mlango wa nne.

Profesa anasema kuta ni woga, na kazi ya msanifu majengo ni kuvunja woga. Wakapiga makofi. Kisha jambo lenyewe: mwenye kisiwa, Bwana Noronha, atakaa na majaji, na mchoro utakaoshinda ndio mafundi wake watakaoujenga Septemba. Kujenga kweli! Juu ya kichwa cha bibi yangu!

Sikusema kwamba ni kwetu. Si aibu. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 11 Mei

Leo "tumetembelea eneo". Asubuhi nimetoka pale kwenda chuoni, mchana nikarudishwa na wenzangu kama mtalii.

Duarte alipiga picha kila kitu. Si mtu mbaya Duarte, ila anapenda kupendwa, na Profesa anampenda. Ndoo — picha. Paka — picha. Nyanya za Bwana Belmiro kwenye makopo — picha. Sidiria za Bi Graciete — picha.

Bi Graciete akatoka na sabuni mkononi. "Wewe kijana, sidiria zangu zimekukosea nini? Ngoja basi zikauke, zitoke vizuri." Kicheko. Halafu akaniona mimi. "Na wewe Zulmira, mbona umesimama hapo kama umekuja kudai? Ingia kwenu, bibi yako kapika supu!"

Vichwa vyote vikageuka.

Duarte akasema nina bahati. Maisha ya pamoja namna hii, kila mtu anamjua mwenzake!

"Anamjua?" Bi Graciete akamwambia. "Mwanangu, hapa ukijamba mlango wa kwanza, mlango wa mwisho wanakuombea afya."

Profesa akafurahi mno. Mmesikia? Hiyo ndiyo jamii!

Hakuona kwamba Bwana Belmiro alipotoka kumwagilia nyanya zake, Bi Graciete aligeuza uso akatazama ukuta. Milango yao inatazamana, hatua mbili tu. Hawasalimiani tangu nikiwa sekondari. Sababu ni redio ya Bwana Belmiro, anaifungulia mpaka vyombo vinatetemeka. Hiyo nayo ni jamii, Profesa.

Jumapili, 14 Mei

Mvua kutwa. Bibi yangu, Adozinda, tumbo linamsumbua. Mwavuli, koti la mvua, ufunguo wa choo — uchochoro mzima, huku na huku. Kila akipita, dirisha moja linauliza: "Bado, Bi Adozinda?" Bado! Jibu la kuwapa watu kumi na moja!

Ana miaka sabini na tisa. Nimeanza kuchora. Nimeanza na choo, tena chenye mlango. Wengine waanze na wanachotaka.

Jumatano, 24 Mei

Mapitio ya michoro. Meza kwa meza.

Duarte kaondoa majiko yote ya ndani. Kaweka jiko moja kubwa la vioo katikati, meza ndefu, watu wa karatasi wameshika glasi za mvinyo. Nyumba zimebaki vyumba vya kulala. Profesa akazunguka meza ile mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe. Safi sana, akasema. Ukarimu.

Kwangu hakuzunguka. Akainama, akanyanyuka. "Zulmira, umechora sefu kumi na mbili za benki."

Nikamwonyesha: kila nyumba choo chake. Milango imesogezwa, mmoja usitazame mwingine, ili ukifungua usimkute jirani mezani na kijiko mdomoni. Mbele ya kila mlango kibaraza, cha mwenye nyumba, lakini kiko nje. Anayetaka watu atakaa pale. Asiyetaka atafunga mlango.

"Unachora ubinafsi," akasema. Nikamwambia nachora sitara. Akasema anayeishi ndani ya jambo halioni. Nikamuuliza yeye anaishi wapi. Akajibu Foz, karibu na bahari. Na jikoni kwake wanapika watu wangapi?

Duarte akakohoa.

Nimepewa mpaka Juni nibadilishe, la sivyo nitarudia mwaka. Sibadilishi! Nitarudia mwaka hata mara mbili, lakini bibi yangu hatakaanga sadini zake ndani ya kioo, akitazamwa kama samaki mwenyewe.

Ijumaa, 2 Juni

Nimegombana na bibi. Kwa ajili ya mchoro wangu mwenyewe!

Nilimtandazia mezani, nikatoa mkate wa mahindi pembeni. Akavaa miwani. Choo chake akakipenda — akakigusa kwa kidole, akauliza kama kitakuwa na dirisha. Kitakuwa nalo. Akatabasamu. Kisha kidole kikatoka nje, kikatafuta, kikakosa.

"Karo liko wapi?"

Nikamwonyesha. Kila nyumba na karo lake dogo, ndani, karibu na jiko. Asiloane tena na mvua.

"Ndani? Nikifulia ndani nitasikia nini?"

"Bibi, kwani unafua ili usikie?"

"Sasa nafua ili iweje? Nguo zenyewe mbili!" Akavua miwani. "Choo nipe. Karo usiliguse. Wewe na huyo mwalimu wako mmefanana: yeye anataka nile na watu, wewe hutaki nifue na watu. Nani kati yenu ameniuliza?"

Niliumia. Mimi na Valadares tumefanana! Nilitoka nikazunguka mtaa mzima nikiongea peke yangu. Lakini ni kweli. Nimeishi humu miaka ishirini na mitatu, nikadhani hiyo inatosha kuwa kuuliza.

Jumapili, 4 Juni

Leo sitasahau. Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Baada ya misa nilinunua chaki. Nikafagia uchochoro, nikaanza kuchora mchoro wangu chini, kwenye mawe, kwa ukubwa wake wa kweli. Kuta, milango, vibaraza. Nikabisha mlango mmoja mmoja: tokeni, simameni ndani ya nyumba zenu mpya, mnitukane.

Wakanitukana vizuri! Mlango wa tisa akasema kitanda chake hakiingii, akaleta godoro kuthibitisha. Bibi akachora karo kwa mkono wake mwenyewe, katikati, kubwa kuliko la sasa, akaliongezea paa kwa kunyoosha mikono juu. Nikafuta makaro yangu yote kwa soli ya kiatu.

Bwana Belmiro akaleta stuli, akakaa kwenye kibaraza chake cha chaki. Bi Graciete akasema na ukuta: mwambieni magoti yake yako kwangu. Belmiro akaziambia nyanya zake: mwambieni asogeze mlango wake. Nikamwambia Bi Graciete mlango wake tayari nimeusogeza, hautatazama tena wa Bwana Belmiro, na ukuta utakuwa mnene.

"Mnene kiasi gani?"

"Hata redio haitapita."

Akasimama pale, ndani ya mistari, kama anapima. Akasema laiti angeupata ukuta huo mwaka aliofiwa na mumewe, Joaquim. Mwaka ule alikuwa akifungulia bomba ndipo alie, ili watu wasikie maji tu. "Na huyu naye," akamnyooshea kidole, "siku hizo hizo ndipo alipoanza wazimu wake wa redio. Mimi nimefiwa, yeye ngoma na mpira!"

Bwana Belmiro alikuwa anatazama mikono yake. "Bomba halikutosha, Graciete."

"Nini?"

"Nilikuwa nakusikia. Wote tulikuwa tunakusikia. Nikaona nikifungua redio, wengine hawatasikia."

Mtu wa godoro alibaki amelikumbatia.

"Miaka yote hii?" akauliza Bi Graciete. "Na baadaye, nilipoacha kulia?"

"Sikujua umeacha. Redio ilikuwa juu."

Bi Graciete akacheka, kile kicheko kinachokaribia kilio. Akakaa chini, juu ya mstari wenyewe, nusu kwake nusu kwa Belmiro. Akamwita mpumbavu mara nyingi. Bibi yangu akaingia ndani akatoka na kahawa.

Kila mtu atasema: unaona, Zulmira, jamii! Profesa angelia machozi. Lakini mimi nimekaa naandika na nina hasira. Mtu mwema alitafuta njia ya kumsitiri jirani yake, ikamgharimu urafiki wa miaka. Kwa nini? Kwa sababu ukuta ni ubao na plasta! Mtu asihitaji wema wa jirani ndipo apate kulia. Alie ndani, kwa raha zake. Kisha akitaka, atoke akae kibarazani, na mwenye redio atamuuliza mwenyewe kama amekula.

Ukuta mnene. Karo la pamoja lenye paa. Ndio huo mchoro wangu. Sasa naujua.

Jumatatu, 12 Juni

Nimepeleka karatasi moja tu: anwani yetu na saa. Profesa akaigeuza nyuma, kweupe. Akauliza michoro iko wapi.

"Iko chini, Profesa. Haibebeki."

Majaji hukaa ukumbini, akasema. Nikasema kwangu hakuna ukumbi. Akasema ni sifuri. Nikasema basi andika sifuri, lakini iandikie pale pale.

Duarte akanifuata koridoni. Akasema nina kichaa. Halafu, sauti chini: Bwana Noronha amemsifu kwa jiko la vioo, kwamba nyumba zikikosa majiko vitapatikana vyumba kumi na vinane badala ya nyumba kumi na mbili. "Sikuchora kwa ajili hiyo, Zu." Nikamjibu: najua hukuchora kwa ajili hiyo. Mwambie Profesa, siyo mimi!

Sijui kama atamwambia.

Ijumaa, 16 Juni

Wamekuja!

Naandika nimekaa kwenye mawe, mgongo ukutani kwetu. Duarte alimwambia Profesa habari ya vile vyumba. Profesa kaja na uso uliokunjamana, majaji wawili nyuma yake, Bwana Noronha nyuma kabisa na simu sikioni. Tulipiga chaki upya tangu asubuhi, wote, hata Bi Graciete, magotini.

Nilieleza nusu saa. Bwana Noronha akauliza vyumba vya ziada viko wapi. Nikasema hakuna vya ziada, kuna watu. Bwana Belmiro akasema "Ehee!" kwa sauti ya uwanjani.

Profesa akapita kwenye vibaraza vyote, taratibu, akivuka mistari bila kuikanyaga. Sikumtarajia hivyo. Alipofika kwetu akasema angependa kulinganisha na ndani, nyumba ilivyo sasa, na akainua mguu aingie.

Bibi alikuwa amesimama pale mlangoni, aproni yake kiunoni.

"Kwangu watu hupiga hodi."

Profesa akatabasamu. Lakini mlango uko wazi, mama.

"Uko wazi kwa sababu nasikia joto. Sijakualika."

Bwana Noronha akacheka, akasema jamani, hii nyumba ni yangu. Hakuna aliyecheka naye. Bi Graciete akafunga bomba la karo. Nasikia kalamu yangu ikikwaruza karatasi.

Bibi hajasogea. Ameusogeza mlango mpaka umebaki upenyo wa kiganja. Profesa ameshusha mguu. Anautazama ule ubao mkongwe, rangi ya kijani imebanduka, kama hajawahi kuona mlango maishani.

Amekunja vidole kama mtu anayebisha. Mkono uko juu.