Zamu ya Mchana

Papa,

Sauti yako iliyobaki kwangu haina maneno. Ni ile guruguru ya kooni niliyoisikia kupitia mgongo wako, nimefungwa kwa kitenge cha Mama. Nyimbo za kubembeleza hukuzijua. Ulinguruma tu hadi nilale. Baadaye nikakuona kila asubuhi ukifungua sanduku la njiwa, unanguruma vilevile, kisha unamwambia dume: "Mwenzangu, umeamka?" Sikuwahi kuuliza kwa nini ni mwenzako.

Tangu tukuzike, njiwa wako wawili nawatunza mimi. Wiki iliyopita jike alitaga tena, mayai mawili. Juzi dada yako, Tantine Josée, akaja akamshika dume. "Huyu njo dume, Neema. Hatagi, anakula ya bure." Alishapata mnunuzi kule mjini, Area 25. Nikakubali, Papa, akaondoka naye. Niliona anasema kweli.

Jana asubuhi jike alitoka kwenda kula, kisha akakaa juu ya bati kama anayengoja mtu. Nikagusa mayai. Yalikuwa yanapoa. Nikatafuta kwenye simu, nikasoma nimesimama. Kumbe wanapokezana: jike huatamia usiku, dume huingia asubuhi na kutoka alasiri. Miaka yote nilidhani namwona ndege mmoja asiyechoka juu ya mayai. Na makinda wakitoka, baba naye hutengeneza maziwa kooni mwake, akawalisha mdomo kwa mdomo.

Maziwa, Papa. Nikakaa chini.

Ulinisimulia kwamba Mama alipofariki akinizaa, ulinibeba mgongoni hadi bombani hapa kambini Dzaleka, na wanaume wakakucheka kwenye foleni: "Papa Neema, weye iko na maziwa?" Ukawajibu: "Ngojeni, itakuja." Ulijua habari za njiwa, au ulikuwa unawatania tu? Uliwafuga kabla yangu, au kwa sababu yangu? Na ile guruguru, nani alimfundisha mwenzake? Ningekuuliza haya yote ukiwa hai. Sikujua kwamba ni maswali.

Nikachukua viatu vyako vya kanisani, vile Tantine alivyosema visitoke nyumbani kamwe. Nikapanda kabaza hadi barabara kuu, nikiwa nyuma ya baiskeli nimevikumbatia, kisha minibasi hadi Area 25. Yule mnunuzi alikuwa amemkata dume manyoya ya bawa asiruke kurudi kwao. Akavijaribu viatu, akatembea navyo uani, akanipa ndege wangu.

Sijui kama mayai yatapona. Lakini kwenye sanduku lako dume hatauzwa tena kwa sababu hatagi. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Papa. Viatu nimevitoa, na leo nitamwambia Tantine mwenyewe. Tulifika nyumbani saa nane. Mwenzako hakugusa mahindi niliyommwagia. Alipita moja kwa moja, jike, aliyekuwa amerudi sandukuni, akampisha, naye akakalia mayai. Zamu yake ilikuwa haijaisha.

Neema wako