Pinki Yuko Chunguni

Jumatatu, 4 Novemba

Neema kamwaga uji wake wote kwenye maji ya Pinki, sasa hivi. Nimegeuka tu kuanika kanga, narudi nakuta kikombe kitupu na maji meupe kama tui. Eti Pinki ana njaa. Nimeshindwa kumchapa. Uji wenyewe alikuwa anaupenda.

Pinki ni wa Dada Irene, mpangaji mwenzetu wa chumba cha mbele, yule anayefanya kazi serikalini. Kasafiri kikazi Kigoma mpaka mwisho wa mwezi, kaniachia ufunguo na mnyama. Mwenyewe anamwita aksoloti, mnyama wa majini. Si samaki, si mjusi. Rangi yake kama ya kichanga kilichozaliwa leo. Ana vidole. Kichwani ana matawi mekundu, ndiyo anayopumulia. Na mdomo wake muda wote kama anacheka. Jina la Pinki kampa Neema.

Nimemwaga maji yote, nikaosha tangi. Ndoo za maji alizoacha Irene zimeisha, na huku kwetu Nkuhungu bomba halijatoa tone tangu wiki iliyopita. Nimemwekea maji yetu ya kunywa, ile ndoo niliyoitia dawa asubuhi. Salama kabisa. Anywe anachokunywa mwanangu.

Jumanne, 5 Novemba

Pinki hajala. Matawi yamejikunja mbele kama majani yaliyopigwa na jua. Ngozi inabanduka, vipande vyembamba vyeupe vinaelea.

Nikamtoa, nikamlaza kiganjani, nikamfunika na mkono mwingine. Ndivyo ninavyofanya Neema akiwa na homa, namkumbatia mpaka atulie. Huyu alijipinda akaniponyoka.

Hana sauti. Mtoto akilia unajua pa kuanzia, tumbo au sikio. Huyu anatazama tu, na mdomo unacheka. Naogopa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempigia Irene. Nilizunguka na simu uwanjani kwanza.

“Mama Neema, umemwekea maji gani?”

“Ya kunywa, dada. Yenye dawa.”



Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Kasema dawa inayoua vijidudu ndiyo inayomchoma Pinki, maana ngozi yake haina kinga. Anatakiwa maji yaliyokaa wazi kutwa nzima mpaka dawa imetoka, na abadilishiwe yote kila siku. Apoe, kwa sababu joto hili peke yake linaweza kummaliza. Halafu akasema nisimshike tena. Mkono wa mtu kwake ni moto.

Kwa hiyo nimemchoma mara mbili. Kwa maji yangu mazuri na kwa mkono wangu.

Nimeenda kwa Mama Mwaluko, mwenye nyumba. Ana pipa la maji ya mizabibu yake, hukaa wazi uwanjani siku nyingi na haliguswi na mtu. Nikamwamkia, nikaeleza. Akaniangalia sana.

“Marahaba. Yaani maji ya mizabibu yangu yakamwogeshe mjusi?”

“Ni mgonjwa, mama.”

“Na mimi goti linaniuma, mbona huniogeshi?”

Lakini kanipa. Ndoo mbili. Kasema nikirudisha ndoo chafu nihame.

Ijumaa, 8 Novemba

Joto halisemeki. Maji ya pipa hata yakikaa chumbani ni vuguvugu. Friji hatuna, na ya Irene aliizima alipoondoka, akaibeba dada yake.

Nikakumbuka nyumbani Gulwe. Mama alikuwa anaweka maji kwenye chungu, anakizungushia gunia bichi, anakiacha mlangoni upepo unapopita. Mchana wa jua kali unakunywa meno yanauma. Chungu ninacho, kile kikubwa cha maharage. Nimekisugua kwa mchanga, sabuni hapana, nikakisuuza mpaka harufu imeisha. Nikakizungushia gunia bichi, nikakiweka koridoni. Upepo wa Dodoma leo nimeushukuru, siku zote naulaumu kwa vumbi.

Pinki nimemhamisha kwa bakuli, bila kumgusa.

Baba Neema karudi kazini, kachungulia chunguni.

“Chungu tayari, nyama tayari. Bado kitunguu tu.”

Tukacheka. Neema hakucheka. Baadaye nataka kupika, vitunguu hakuna. Neema kavificha vyote chini ya kitanda.

Jumapili, 10 Novemba

Pinki amelala ubavu.

Baada ya ibada wamekuja kina mama wawili kumwona Mama Mwaluko, wakapita koridoni. Mmoja akapiga ukelele. Eti kwa nini tumeweka kwenye chungu kichanga kilichotoka kabla ya siku zake. Mwingine kasema kitu kama hicho hakifugwi nyumbani kwa mtu mwenye mtoto, tukitupe kabla hakijafia ndani.

Mama Mwaluko akawajibu, “Huyo ni mgonjwa wa mpangaji wangu. Mmekuja kuniona mimi au yeye?”

Sikutegemea.

Baba Neema kaniambia taratibu nijiandae, na nimwandae mtoto. Nikamkalisha Neema nikamwambia Pinki anaweza kufa. Akauliza kufa ni kulala? Nikasema hapana, ni kutoamka. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Akaenda kukaa pembeni ya chungu, mikono kaificha mgongoni ili asimguse. Mtoto wa miaka mitatu. Mimi ndiye nimemfundisha, na bado mikono yangu yenyewe inawasha kumshika yule mnyama.

Sijui kulea bila kushika. Neema nimembeba mgongoni mpaka juzi. Akianguka namwinua, akilia namfuta. Huyu namsaidia kwa kukaa mbali, kuchota maji, kulowesha gunia, kuchota tena. Sipati hata kujua kama anajua kuna mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Yu hai. Ubavu uleule, ila nikitikisa maji kidogo anasogeza mguu.

Irene kasema nijaribu nyungunyungu, mdogo, laini. Nyungunyungu Novemba! Ardhi ngumu kama sakafu. Penye unyevu hapa uwanjani ni sehemu moja tu, chini ya mizabibu ya Mama Mwaluko.

“Chimba,” kasema nilipomwomba. “Ila ukinikatia mzizi, mwaka huu zabibu utazaa wewe.”

Nimechimba kwa kijiko. Neema kashika kopo. Tumepata wawili. Nimemwekea mmoja mbele ya mdomo. Hakumtazama. Nikamtoa asije akaoza majini.

Nimelia jikoni. Moshi, nimemwambia Neema.

Alhamisi, 14 Novemba

Kala!

Nilishakata tamaa, nimeweka kipande cha nyungunyungu ili tu nisiseme sikuweka. Kimya. Kimya. Halafu kichwa kikaruka, hop, kipande hakipo. Neema kapiga kelele mpaka Mama Mwaluko katoka na mwiko.

“Nani kafa?”

“Kalaaa!”

Akasogea, akainama na goti lake bovu, akachungulia. Kasema mdomo ule mpana, kumbe hata kula anajua. Akakaa pale muda mrefu kuliko mtu asiyejali.

Nimemtumia Irene ujumbe. Kajibu kwa vile vikaragosi vya sura inayolia tu, safu nzima.

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi tulivu. Baba Neema yuko kazini. Gunia nimelilowesha, maji nimebadilisha.

Pinki anatembea. Chini ya chungu, mguu mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyeingia chumba kigeni gizani. Ngozi haibanduki tena. Tawi moja la kulia limebaki fupi, Irene anasema litaota, viumbe hawa huota upya kilichokatika. Nimelitazama sana. Kwenye ncha kuna unywele mwekundu mmoja, mwembamba, jana haukuwepo. Au labda ulikuwepo sikuuona.

Bado sijamgusa. Nimezoea. Nakaa kwenye kigoda na daftari langu, yeye kwake, mimi kwangu. Awali niliona kama simpi kitu. Leo nimekaa tu namtazama anavyozunguka, moyo umetulia, nikawaza pengine hata Neema akishakuwa mkubwa itafika siku ambayo kumpenda kutakuwa ni kukaa pembeni hivi na

Neema ananiita chooni, kamaliza, anasema njoo mama haraka