Mwambie Mwenzio

Jambiani, Unguja. Jumapili jioni, 1958. Upepo haujatulia tangu asubuhi, na mimi vilevile.

Saa hii nilitakiwa niwe mjini, nakunja nguo zangu nyumbani kwa kina Salum, Malindi. Meli ya Tanga inaondoka kesho asubuhi. Keshokutwa nahitajika kazini, na bwana mkubwa wetu si mtu wa kusikiliza sababu. Badala yake nimekaa juu ya kitanda cha kamba cha mama yake Haji, mbali kabisa na bandari, na magari yote mawili ya mjini yameshaondoka.

Yameniacha kwa kutaka kwangu.

Naandika huku nangoja kuche.

Haji na Salum ndio marafiki pekee nilio nao nje ya Tanga. Tulipokuwa tukijifunza ukarani Dar es Salaam tulikaa chumba kimoja, tukapika chungu kimoja, na wao wakaniahidi kwamba siku nitakayokuja kwao watanionyesha pwani ya mashariki, sisi sote watatu. Likizo hii ndiyo nimekuja. Siku za mwanzo sikuelewa kwa nini hawatokei pamoja. Leo Haji, kesho Salum. Mmoja akiingia, mwingine ana udhuru.

Nimekuja kuelewa. Tangu kura za mwaka jana mmoja yuko chama hiki, mwingine chama kile, na hapa hilo si jambo dogo. Watu wamegawana maduka, wamegawana vijiwe vya kahawa, wamegawana hata magari ya abiria. Juzi nilikuwa nakunywa kahawa Mlandege, mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa niko upande gani. Mimi, karani wa serikali! Nilikiacha kikombe kimejaa nikaondoka.

Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake mgeni. Tukaja wote. Asubuhi nilipanda gari la upande wa kina Haji. Salum akaja na lile jingine, nyuma yetu. Tukapatana kwamba kurudi nitapanda na Salum. Niliona hiyo ndiyo haki.

Garini Haji aliniambia jambo. Baba yake Salum alipofariki, yeye Haji alikwenda mazikoni. Alifika mpaka pembeni mwa mtaa, watu wa chama kile wakamtazama, akarudi. "Usimwambie," alisema. Na jana tu Salum alikuwa ameniambia la kwake: "Chama si kitu, Rajabu. Hakuja kumzika baba yangu."

Basi leo nimebeba maneno yao yote isipokuwa hayo.

Kwa sababu hawasemeshani. Wananisemesha mimi. Maji yalipokupwa tulitembea mbali sana, kuelekea kwenye mwamba, tukiwapita kina mama walioinama kutafuta pweza.

"Mwambie mwenzio avae viatu," alisema Haji. "Huku kuna miiba, si Forodhani kwao mjini."

Salum alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. "Mwambie nshavaa. Na mwambie anatembea kama bata."

Nikafikisha. Hata bata nilimfikisha.

Maji yakaanza kujaa, nami sijui kuogelea. Yaliponifika kiunoni niliona mwisho wangu umekuja. Kila mmoja akanishika mkono, wakanivuta kuelekea ufukweni, na hata hapo:

"Mwambie mwenzio asivute sana, atakung'oa bega!"

"Mwambie yeye avute basi, anangoja nini?"

Mchana Bi Mize, mama yake Haji, alituwekea sinia moja la wali na pweza wa nazi. Mikono mitatu ikaingia. Haji alichagua kipande kinono, akakisukuma upande wa Salum bila kumtazama. Salum akakiangalia kitambo, kisha akakisukuma kwangu. Nilikila, na kimenikaa kifuani mpaka sasa.

"Mwanangu Rajabu," Bi Mize aliniuliza, "wanakulipa hawa kwa kazi hiyo?"

"Bure, mama."

Alicheka peke yake.

Baada ya Alasiri magari mawili yalikuwa yamesimama karibu na msikiti, yakinguruma. Matingo wote wawili wakaniona.

"Mgeni wetu, panda!"

"Wenu tangu lini? Mgeni, huku!"

Salum alikuwa ameshatia mguu ndani. "Mwambie mwenzio kwaheri, twende," alisema. Haji akanigeukia: "Mwambie safari njema."

Sijui nini kilinipata. Maishani sijawahi kukaidi hata mwenye kugawa chaki darasani. Nilikaa juu ya jiwe katikati ya yale magari, nikasema simfikishii mtu neno tena, na sipandi gari lolote lisilowachukua wote wawili. Watu walicheka. Salum akashuka kunivuta, Haji akaja kumsaidia, nami nikaling'ang'ania jiwe. Gari la kwanza likaondoka. La pili likapiga honi, likaondoka nalo.

Sasa wako nje, ukutani, nyuma ya dirisha hili.

"Meli ikimwacha, umemponza wewe!" Haji anasema.

"Mimi? Nani aliyempakia kwenye gari lake asubuhi, mie nikala vumbi njia nzima?"

"Si ungepanda hilohilo?"

"Nipande wanitazame?"

"Wakutazame! Mie si walinitazama mtaani kwenu siku ya baba? Nilikuja, Salum. Nilifika mpaka pembeni, nikageuka."

Kalamu yangu ilisimama hapo. Upepo ulipita kwenye makuti, ukapita tena.

"Pembe ipi?" Salum aliuliza.

"Ya kwa fundi saa."

"Pale? Pale si mlangoni kwetu kabisa?"

"Najua."

Sijui kama gari la kesho litaiwahi meli. Nikiliwaza hilo nanyanyuka, nakaa, nanyanyuka tena. Nimeshapanga maneno ya kumwambia bwana mkubwa na yote ni mabaya.

Nasikia Salum anakohoa. "Haji, nipe maji ninywe."

Nimeweka kalamu chini nikangoja kuitwa, kwa mazoea tu.

Hakuna aliyeniita.