Gari Zima kwa Chama cha Wasioona

Kosa la watu wengi wanapotoa kitu wasichokitaka ni kuanza kukisifu. Juzi kilikuwa takataka uani. Leo, kwa kuwa kinakwenda kwa wengine, kimegeuka lulu. Msomaji mmoja ameniandikia juu ya kosa hilo, nami nimeiacha barua yake kama alivyoiandika.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana jambo hili nililianza kwa nia njema na sasa linanikosesha raha hata nikiwa na randa mkononi. Mimi ni seremala, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na uani hapo palikuwa na gari langu la zamani la kubebea mbao, miaka miwili haliendi popote, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva na mke wangu akianika nguo analizunguka huku ananung'unika, basi nikasikia kuna chama cha wasioona kinachopokea magari yasiyotakiwa, mengine wanayatumia, mengine wanayauza wapate fimbo nyeupe na mashine za kuandikia nukta nundu, nikaona hapo ua utapata nafasi na mimi nitapata thawabu.

Nikalipaka rangi, mke wangu akacheka, "Baba watoto, unawapakia rangi watu wasioona?" nikamjibu heshima ni heshima. Mwenyekiti wao, mzee mtaratibu asiyeona, akaja mwenyewe na dereva, akapitisha kiganja ubavuni mwa gari kama mimi ninavyopima ubao uliopigwa msasa, akasimama pale nilipowahi kugonga nguzo nikajaza puti, akauliza, "Hapa paliumia, fundi?" nikasema kidogo tu, akauliza tena, "Lakini gari ni zima?" na hapo, mshauri, mdomo ukanitangulia, nikajibu, "Zima kabisa, mzee."

Ukweli ni kwamba mafuta ya breki yanavuja, ukikanyaga mguu unafika sakafuni, lazima ukanyage mara tatu nne ndipo lishike, na makanika alishanikataza kulitoa nje ya geti, lakini siku ile betri ilikuwa imekufa, dereva hakuliwasha, wakalipandisha kwenye lori wakaondoka nalo. Nilipomweleza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alicheka mpaka akashika mbavu, "Si lilikuwa linazima kila kona? Basi hukusema uongo, shemeji, ni gari zima!" Mke wangu hakucheka, aliniuliza tu, "Ungemjibu hivyo mtu anayekutazama machoni?"

Juzi mwenyekiti amenipigia kushukuru, wameweka betri mpya, bado hawajalitoa barabarani ila Jumamosi wanapeleka mashine kwenye shule iliyo chini ya mteremko na yeye mwenyewe atakaa mbele, tena kabla ya kuondoka watanishukuru mbele ya wanachama wote, na mama mkwe wangu amealikwa. Nikisema nimeumbuka, nikinyamaza roho inanisuta. Nifanye nini?

Seremala

*

Fundi,

Barua yako imenifikia jana. Nimekupigia mara mbili kwa namba uliyoiacha, hukupokea. Chama hukukitaja, la sivyo ningewapigia wenyewe. Kwa hiyo nimemwomba mhariri aichapishe leo Alhamisi, maana Jumamosi haiko mbali.

Wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya asingeniandikia. Lakini hebu tulitazame hilo neno mlilolifanyia mzaha. Kuna kuzima, kama taa inavyozima, na kuna uzima, wa kitu kisicho na ubovu. Shemeji yako anazijua maana zote mbili na mwenyekiti anazijua pia, ila mzee yule hakuja uani kwako kutegeana vitendawili. Kiganja chake kilikwisha kukamata puti ambayo rangi yako iliificha. Breki hazipapaswi. Alikuuliza lile moja ambalo mkono wake usingeweza kulifikia, na wewe ulikuwa mtu pekee pale mwenye jibu.

Na kilichonishangaza ni kwamba uongo wenyewe haukuwa na kazi. Chama kinachopokea magari yasiyotakiwa kinajua kwamba hayakosi sababu ya kutotakiwa. Ungesema, "Mzee, breki ni mbovu," angekujibu, "Ahsante, tutazitengeneza," au wangeliuza kama vipuri, na fimbo zingepatikana vilevile. Wewe mwenyewe ukiuza kabati lenye ubao uliooza, mnunuzi ana macho ya kufungua mlango akachungulia. Mzee yule hakuwa na hayo. Alikuwa na neno lako tu.

Unaogopa kuumbuka mbele ya mama mkwe. Nakuelewa, mimi pia nimewahi kuwa mkwe. Lakini pima: aibu yako itakaa kikaoni robo saa, kisha watu watakunywa chai. Ubovu ule dereva huenda akaugundua getini, na huenda akaugundua katikati ya mteremko, mzee yuko pembeni yake na mashine ziko nyuma. Hakuna anayejua ni wapi. Wewe ndiye unayejua kwamba upo.

Baadaye nenda na yule makanika wako aliyekukataza, umgharimie atengeneze breki, kisha andika kila kasoro kwenye karatasi uikabidhi pamoja na kadi ya gari, dereva amsomee mwenyekiti. Shukrani zao ukizipokea baada ya hapo, zitakuwa za gari lenyewe. Mkeo naye mwambie alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa uani hapo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo, kabla hujashika randa, mpigie mwenyekiti umwambie: "Mzee, nilikudanganya, breki ni mbovu, msilitoe."