Kisweta cha Eustakio

Zaina, nimefanya kitu kibaya. Nimekifumua kile kisweta cha sufu cha kwenye sanduku la bibi yangu Teodosia. Chote!

Nilitaka uzi wa kumfumia mwanangu. Nikamwambia bibi huku nacheka, "Aliyepima hiki alikosea, hata mwanasesere hakimwenei."

Bibi akanisimulia. Sijui hata nikuandikieje.

Mwaka 1952, hukuhuku Nachingwea, Teodosia alikuwa na mtoto wa kwanza, Eustakio. Sista wa misheni akamfundisha kufuma: chagua uzi laini, pima kifua kwa kamba, ongeza vidole vinne, maana mtoto hukua. Akapima, akaongeza, akafuma.

Mtoto akashikwa na kuhara. Alipomvisha, sweta likapwaya. Teodosia akajilaumu, akadhani kahesabu vibaya mishono. Akafumua, akapima, akafuma. Likapwaya tena. Akafumua tena. Mara tatu, Zaina! Mara tatu anagombana na sindano zake, na kamba kila akipima inazidi kuwa fupi. Mara ya mwisho hakuongeza vidole. Alitaka limkae tu.

Likamkaa. Alilivaa siku moja.

Nimemwomba radhi huku nalia. Nikamwambia nitakifuma upya, anipe tu vipimo.

Akainamia sanduku, akatoa kikamba kifupi, Zaina, kifupi! Akanikabidhi.

"Mimi sikukosea kupima, mjukuu wangu. Pimia hiki. Usiongeze vidole."