Gamaliel kang'oa mlamula

Lilian, acha unachofanya. Gamaliel kang'oa mlamula.

Ndiyo, mlamula, ule mmea wa kuonyesha mpaka wa shamba! Kwa mikono yake, mbele ya darasa la sita, kwenye usaili wa ile kazi ya Muleba aliyoiombea novena.

Mkuu wa shule kampa kipindi cha Kiingereza amwangalie. Likaja neno rampart. Akasema ni boma, ukuta wa kuzuia maadui. Mtoto mmoja akauliza, "Kama ile milamula pale, mwalimu?"

Unamjua kaka yangu, maneno hayamtoshi. Akawatoa wote hadi mpakani. "Tazameni, rampart haing'oki hivi!" Akavuta. Ukatoka na mizizi.

Hakuna aliyecheka, Lilian. Watoto wa Kihaya, wanajua mlamula hauguswi, ndio unaomaliza ugomvi wa mpaka.

Mzee Rutaihwa, jirani wa shule, alikuwa palepale anapalilia migomba. Huo mpaka yeye na shule waliugombania mpaka wakachoka.

"Waitu mwalimu, ungebomoa ukuta, tungejenga mwingine. Huo tuliupanda mbele ya mashahidi, nao wameshazikwa."

Gamaliel akainama aurudishe shimoni. Mzee akapaza sauti, "Usiguse! Aliyeng'oa hapandi!"

Mkuu karudi darasani na watoto, bila hata kumtazama. Mzee kamfuata mwenyekiti wa kitongoji.

Kanipigia sasa hivi. Yuko palepale, kaushika. "Dada, kuuweka chini naogopa, kuendelea kuushika naogopa. Nifanyeje?"

Mimi mwenye utani wote huu, Lilian, nimemwambia aushike hivyohivyo hadi mwenyekiti afike.